Taa ya LED ya kuonyesha umeme upo: kuanzia betri ya sola hadi laini ya volti 240

Taa ndogo ya LED kwenye boksi la sola, kwenye chenjova ya jenereta (swichi ya kuhamisha mzigo kati ya gridi na jenereta) au kwenye ubao wa soketi ina kazi moja: kuwaka penye volti. Ikiwaka, una uhakika kwamba kati ya nyaya mbili ilizofungwa kuna umeme. Ikizima, hujaambiwa kitu. Huenda laini imekatika, huenda yuniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla wa Uganda) zimeisha, huenda nyutro (waya wa kurudisha mkondo) imeachia huku laivu (waya unaoleta umeme) ikibaki na volti 240 zake zote, huenda LED yenyewe imeungua. Kwa hiyo hesabu zilizo hapa chini zinalenga taa isiyozima ovyo, na kila tunapofika kwenye volti 240 tutarudi kwenye kanuni hii: taa iliyozima si ruhusa ya kushika waya.

Ijue LED kwanza

LED haifanani na balbu. Chini ya volti fulani haiwaki kabisa. Ukivuka hapo kidogo tu, mkondo unapanda ghafla mpaka inaungua. Ndiyo maana haifungwi moja kwa moja kwenye betri bila rezista ya kuubana mkondo.

LED nyekundu ya milimita 5 hushika volti 1.8 hadi 2.2 inapowaka. Ya njano iko karibu na hapo. Kijani ndiyo yenye mtego: zile za zamani zenye mwanga hafifu hushika volti 2 na kidogo, lakini zile kali za siku hizi hushika 3 hadi 3.4, sawasawa na za buluu na nyeupe. Ikiwa hujui uliyouziwa ni ipi, ifunge kwenye betri ya volti 9 kupitia rezista ya 1k (yaani ohm 1000), kisha pima volti kwenye miguu ya LED yenyewe. Namba utakayoisoma ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu.

Kikomo cha LED nyingi za saizi hiyo ni miliampia 20 (mA). Kwa taa ya kuonyesha tu, mA 2 hadi 5 zinatosha, na LED kali huonekana vizuri hata kwa mA 1. Mguu mrefu ni chanya. Ikiwa miguu imeshakatwa, tazama ukingo wa kofia yake: upande uliochongwa bapa ni hasi. Na kitu ambacho wengi hawakizingatii ni kwamba LED ikigeuzwa huvumilia volti 5 tu. Kwenye umeme wa AC, unaogeuka mara 100 kwa sekunde, hilo ndilo linaloua taa nyingi zilizofungwa kwa haraka.

Volti 12: sola na betri za magari

Hesabu ni moja: toa volti ya LED kwenye volti ya chanzo, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. Usitumie 12 kama chanzo. Betri ya asidi ya volti 12 hushuka hadi 10.5 ikiwa tupu na hupanda hadi 14.4 inapochajiwa, nawe unapanga kwa kiwango cha juu:

(14.4 − 2) ÷ 0.005 = ohm 2480

Rezista ya 2.2k au 2.7k inafaa. Ya 2.2k ni rahisi kuitambua dukani kwa kuwa mistari yake mitatu ya kwanza yote ni myekundu. Kwa 2.2k, LED inapata mA 5.6 betri ikiwa inachajiwa na mA 4.5 ikiwa kwenye volti 12. Joto la rezista halifiki hata wati 0.1, hivyo robo wati inatosha.

Kwa chanzo cha USB cha volti 5 weka 1k. Kwa sola ya volti 24 weka 5.6k ya nusu wati, na kwa volti 48 weka 12k ya wati 1. Hapo hesabu ya joto inaanza kuwa na maana, kwa sababu kwenye volti 57 za kuchaji rezista hiyo inatoa takriban robo wati usiku na mchana, na rezista ndogo ingekaangika taratibu.

Funga dayodi ya 1N4148 (dayodi hupitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na LED, juu ya miguu yake, mstari wake mweusi ukielekea mguu chanya wa LED. Siku mtu akigeuza nyaya za betri, mkondo utapita kwenye dayodi na LED itasalimika.

Kuna jambo la kuangalia kwenye mifumo midogo ya sola ya nyumbani. mA 5 kwa saa 24 ni 120 mAh kwa siku. Betri ya 7 Ah inamalizwa na taa hiyo peke yake kwa takriban siku 58, na ukiwa na taa tatu ni chini ya siku 20. Weka LED kali na rezista ya 10k (kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa). Mkondo unashuka hadi mA 1, na ndani ya nyumba mwanga bado unaonekana toka upande wa pili wa chumba.

Taa inayozima betri ikikaribia kuisha

LED yenye rezista tupu ina udhaifu: inawaka hata kwenye betri iliyokufa. Kwenye volti 9 bado inapata mA 3.2, na jicho halitofautishi hiyo na mA 4.5. Mwenye duka anaona taa, anaamini betri ni nzima, na friji inakata usiku.

Dawa yake ni dayodi ya zena ya volti 10, nusu wati, iliyofungwa kwa mfululizo na LED. Zena inafungwa kinyume, yaani mstari wake unaelekea upande wa chanya wa betri. Sasa saketi nzima haiwaki mpaka betri ipite takriban volti 12 (10 za zena na 2 za LED nyekundu). Rezista inakuwa ohm 470 (njano, zambarau, kahawia). Kwenye 14.4 utapata mA 5, kwenye 12.6 utapata kama mA 1.3, na ikikaribia 12 taa inafifia hadi kuzima. Betri ya asidi iliyotulia bila mzigo ikiwa na volti 12.0 imebakiza karibu robo tu, kwa hiyo taa inazima wakati ambao kweli unapaswa kuacha kuitumia.

Zena za kawaida hupishana kwa asilimia 5, maana yake nusu volti juu au chini. Nunua tatu au nne, pima kila moja, uchague. Na kwa betri za lithiamu za LiFePO4 njia hii haifai, kwa kuwa hizo hukaa karibu na volti 13 mpaka zinapokaribia kwisha. Huko nunua kipima volti cha tarakimu.

Volti 240

Hapa ndipo penye kazi. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50, lakini 240 ni wastani wa kihesabu tu: kilele chake ni 339. Na kwenye laini ya fezi tatu, nyutro ikikatika nje, nyumba moja inaweza kupata hadi karibu volti 415 huku ya jirani ikififia. Taa ya kuonyesha umeme inakaa hewani saa 24, kwa hiyo itakutana na siku hiyo. Ipangie mapema.

Kosa la kawaida ni rezista moja ya 100k, robo wati, na LED. Inawaka vizuri siku ya kwanza. Lakini rezista za robo wati nyingi zimetengenezwa kuhimili volti 250 tu, na hapa inabeba kilele cha 339, tena joto linazidi uwezo wake. Rangi yake inageuka kahawia, ohm zinapanda kidogo kidogo, LED inafifia mwezi hadi mwezi, kisha inazima huku umeme upo. Hiyo ndiyo aina ya kuzima tunayoikwepa.

Vitu vinavyohitajika kwa taa moja:

- Rezista 3 za 33k, nusu wati. Mistari mitatu yote ni ya rangi ya chungwa, hata kwenye mwanga mbaya huikosei.
- Dayodi 1 ya 1N4007, inayohimili volti 1000. Usikubali 1N4001, ingawa kwa umbo ni ileile: inahimili volti 50.
- Dayodi 1 ya 1N4148.
- LED 1 kali, nyekundu au kijani, milimita 5.
- Fyuzi ya kioo ya mA 500, volti 250, na kishikio chake.
- Ubao wa matundu usio na mistari ya shaba, na boksi la plastiki lenye kifuniko cha skrubu.

1N4007 unaweza kuzitoa kwenye balbu za enaji seva zilizokufa. Ndani huwa na nne zimepangwa pamoja. Zipime kwanza, mita ikiwa kwenye alama ya dayodi: upande mmoja isome 0.5 hadi 0.7, upande wa pili isisome kitu.

Mpangilio ni mstari mmoja: laivu, fyuzi, 1N4007 (mstari wake ukitazama mbali na laivu), 33k, 33k, 33k, mguu chanya wa LED, mguu hasi, nyutro. 1N4148 inakaa juu ya miguu ya LED, mstari wake kwenye mguu chanya, kama kule kwenye volti 12.

Rezista tatu zinagawana mzigo. Kwa jumla ni 99k. Kwa kuwa 1N4007 inaruhusu nusu tu ya wimbi, joto lote ni wati 0.29, yaani chini ya wati 0.1 kwa kila rezista. Zikipata volti 415, kila moja inafikia wati 0.29, bado ndani ya nusu wati yake. LED inapata wastani wa mA 1.1 na kilele cha mA 3.4. 1N4007 ikiharibika (mara nyingi hufa kwa kuunganika), 1N4148 inabaki kuilinda LED, na rezista bado zinamudu joto likiongezeka maradufu. Radi ikipiga mbali na kuleta volti 2000 kwenye laini, 99k inaruhusu mA 20 tu. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na hii peke yake inatosha kuchagua rezista badala ya njia nyingine. Kwa mwaka mzima taa hii inakula yuniti mbili na nusu za Yaka.

Utengenezaji:

1. Panga vifaa kwenye ubao kwa mstari ulionyooka, laivu ikiingia mwisho mmoja na nyutro mwisho mwingine. Usiruhusu laivu na nyutro zikaribiane chini ya milimita 6 popote.
2. Solda rezista zikiwa zimeinuliwa milimita 2 au 3 juu ya ubao ili hewa ipite. Solda nzuri inang'aa na kukumbatia mguu; ikiwa imejikusanya kama tone lisiloshika, ipashe tena.
3. Pima kutoka mwanzo wa rezista ya kwanza hadi mwisho wa tatu. Mita isome kati ya 94k na 104k.
4. Kabla ya volti 240, jaribu na betri ya volti 9, chanya upande wa laivu. Kwenye kivuli LED kali itatoa nuru hafifu, kwa kuwa inapata kama mA 0.06 tu. Geuza betri: isiwake kabisa. Ukipata majibu haya mawili, LED na dayodi zimefungwa kwa uelekeo sahihi, ingawa jaribio hili haligundui 1N4007 iliyoungana wala 1N4148 iliyokatika.
5. Vika mrija wa plastiki unaojibana kwa joto kwenye miguu ya LED. Funga ubao ndani ya boksi, kisha kaza kifuniko.
6. Ndipo uwashe. Ikiwa unatumia plagi ya pini tatu, ndani yake weka fyuzi nyekundu ya ampia 3, si ile ya kahawia ya 13.

LED yenyewe isifikiwe na kidole. Kofia yake ya plastiki haikutengenezwa kuwa kinga ya volti 240, na miguu yake imeunganishwa na laini. Iweke nyuma ya kipande cha plastiki angavu kilichogundishwa kwenye tundu kwa ndani, au nunua taa ya paneli ya milimita 22 iliyoandikwa 220–240 V AC. Kwa ubao wa duka au karakana hiyo ya kununua ndiyo tunayoipendekeza. Ya kujitengenezea inafaa zaidi ndani ya kifaa.

Kwa nini si kapasita

Utaona michoro mingi inayotumia kapasita badala ya rezista, kwa sababu haitoi joto. Inafanya kazi: kapasita ya 47 nF aina ya X2, volti 275 AC, hupitisha mA 3.5 kwa hezi 50. Lazima iwe X2. Kapasita ya kawaida ikifa huungana na kuiachia LED laini nzima. Pia inahitaji rezista ya 1k kwa mfululizo ya kupunguza kishindo cha kuwasha, na mbili za 470k juu yake ili isibaki na chaji ya kumpiga mtu anayeshika plagi iliyochomolewa.

Tatizo kwetu ni inverta. Zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali ngazi zenye kingo kali, na kapasita hupitisha kingo hizo kwa urahisi kuliko hezi 50. Mkondo wa LED unazidi hesabu, nayo inaungua baada ya wiki chache. Penye inverta au jenereta ndogo, baki na rezista.

Kwenye chenjova

Taa yenye faida kubwa kuliko zote dukani ni ile inayokuambia umeme wa gridi umerudi wakati bado unachoma petroli. Funga mbili: ya kijani kwenye vituo vya kuingilia vya gridi, kabla ya chenjova, na ya njano upande wa mzigo, baada ya chenjova. Njano peke yake maana yake uko kwenye jenereta, au ile ya kijani imeungua. Zote mbili pamoja zinasema gridi ipo na mzigo una umeme. Mkono wa chenjova ndio unaoonyesha umeme huo unatoka wapi. Kijani peke yake: gridi ipo, lakini huenda chenjova iko katikati, huenda breka imeanguka, au ile ya njano imeungua.

Kila taa ichukue nyutro ya upande wake. Chenjova nzuri hukata nyutro pia, na ukichukua laivu ya gridi na nyutro ya jenereta, taa itadanganya, tena utakuwa umeunganisha nyutro ambazo chenjova ilinuia kuzitenganisha. Waandikie watu wa dukani kibandiko chini ya kila taa, na kingine ndani ya boksi: nyaya za taa ya kijani zina umeme hata chenjova ikiwa upande wa jenereta. Kazi ya kufungua ubao mkuu ni ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme ya Uganda.

Huyo naye, kabla ya kushika chochote, anajaribu mita yake kwenye soketi inayojulikana kuwa na umeme, anapima pale anapotaka kufanya kazi (laivu kwa nyutro, kisha laivu kwa ardhi, maana nyutro iliyokatika hugundulika kwa kipimo hicho cha pili), halafu anarudi kuijaribu mita kwenye ile soketi ya kwanza. Kijani iliyozima haifupishi hatua hata moja kati ya hizo.

Ikileta shida

Taa inapepesa ukigeuza macho haraka: ni kawaida, inawaka mara 50 kwa sekunde. Ukitaka itulie, ondoa 1N4007, weka waya mahali pake, na badala ya 1N4148 funga LED ya pili kinyume cha ya kwanza. Joto linakuwa wati 0.58, kwa hiyo rezista ziwe za wati 1.

Inawaka hafifu hata swichi ikiwa imezimwa: hutokea hasa kwenye toleo hilo la LED mbili au la kapasita. Waya uliozimwa unaotembea mita nyingi sambamba na waya wenye umeme huokota mkondo mdogo, nao unatosha LED kali. Toleo lenye 1N4007 halisumbuliwi sana, kwa kuwa mkondo wa namna hiyo hauwezi kuendelea kupita upande mmoja tu. Ukihitaji dawa, funga X2 ya 100 nF kati ya laivu na nyutro mwanzoni mwa saketi, baada ya fyuzi, pamoja na zile 470k mbili za mfululizo juu yake.

Inawaka kama kawaida lakini vifaa vinalia: volti imeshuka. Kwenye 180 taa hii haionekani tofauti na kwenye 240. Pima kwa mita.

Haikuwaka tangu mwanzo: LED imegeuzwa, au 1N4148 imewekwa uelekeo mmoja na LED. Hilo la pili linachanganya, kwa sababu dayodi inabana volti kwenye 0.7 na LED haipati nafasi ya kuwaka, wala hakuna kinachopata moto. Chomoa, subiri kidogo, geuza dayodi.